Askari wa risasi, wa plastiki au wa kupaka mwenyewe? Ulinganisho kwa anayetaka kukusanya visanamu vya vita vya kikoloni

Mezani kwangu hapa Tanga wamesimama askari wawili. Wa kwanza ni wa risasi, ile metali laini ya kijivu, urefu wake kama kidole gumba, bunduki begani, tarbushi nyekundu kichwani. Shingo yake iliwahi kukatika, na mtoto fulani wa Uingereza, au baba yake, akairudishia kwa njiti ya kiberiti. Ukimwinamisha kwenye mwanga unaiona njiti yenyewe. Wa pili ni nusu ya huyo kwa urefu, nimempaka rangi kwa mkono wangu: khaki iliyopauka, tarbushi yenye kifuniko cha khaki na kitambaa kinachoning'inia shingoni, miguu imezungushiwa vitambaa vya buluu. Wa kwanza ni King's African Rifles, KAR, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika. Wa pili ni Schutztruppe, jeshi la Mjerumani. Babu zetu wa majeshi hayo mawili walitafutana miaka minne porini, lakini hapa mezani hawawezi kupigana, maana mmoja ni jitu mbele ya mwenzake.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa la kwanza la kila anayeingia kwenye mchezo huu. Ananunua kinachompendeza leo, kesho kingine, na baada ya mwaka ana kabati lililojaa watu wasioweza kusimama safu moja. Chagua ukubwa kwanza, vita baadaye. Milimita 54, yaani 1:32 (kisanamu ni mdogo mara 32 kuliko mtu), ndio ukubwa wa visanamu vya kale vya risasi. Vya kisasa vilivyopakwa tayari vimeukaribia, vingi vikizidi kidogo. Milimita 28 ni wa wanaocheza vita mezani. Halafu kuna 1:72, ambao mtu hafiki hata milimita 25, na ndio wa maboksi ya plastiki tuliyoyaona tukiwa watoto kwa wenzetu waliokuwa na ndugu Ulaya.

Risasi ya kale

Kabla ya 1893 askari wa kuchezea wa maana walitoka Ujerumani na Ufaransa: Heyde wa Dresden, Mignot wa Paris. Walikuwa wazito, wameshiba risasi, na bei yake ilikuwa ya watoto wa matajiri. Mwaka huo William Britain mdogo, wa London, akapata njia ya kuwafanya watupu ndani. Risasi iliyoyeyushwa inamiminwa kwenye kalibu, inatikiswa, ile iliyogusa ukuta wa kalibu inaganda, iliyobaki katikati inamwagwa. Kinachobaki ni ganda lenye umbo la mtu. Risasi kidogo, uzito kidogo, posta nafuu, bei nusu. Wajerumani hawakupona tena katika soko la Uingereza.

Katalogi ya Britains, kampuni ya familia yake, iliyafuata magazeti kama kivuli. Vita vya Makaburu vikiwaka, Makaburu wakatengenezwa. Kulikuwa na kikosi cha ngamia cha Misri, kulikuwa na Wazulu wanaokimbia na ngao zao, na Mussolini alipoivamia Ethiopia 1935, Wahabeshi na Waitalia wakaingia dukani. KAR walikuwa seti namba 225. Kwa kawaida boksi la askari wa miguu lilikuwa na watu wanane, wote kalibu moja, wote uso mmoja.

Uso huo mmoja ndio unaonifanya nimpende na nimchukie askari huyu. Ni duara la rangi ya kahawia, nukta mbili za macho, basi. Mwingereza wa boksi la jirani naye hana uso wa maana zaidi, nisiseme uongo. Tofauti iko kwenye mwendo. Mzulu wa Britains anakimbia akirusha mikono. Mwingereza amesimama wima. Mtoto aliyekuwa akiwapanga juu ya zulia alishaambiwa nani mstaarabu kabla hajajifunza kusoma. Kwa hiyo ukinunua risasi ya kale usidhani unanunua picha ya askari wetu. Unanunua ushahidi wa jinsi walivyotutazama, na kwa kazi hiyo hakuna kinachomshinda.

Sasa yanayohusu mfuko. Bei inategemea vitu vitatu: rangi ya awali, viungo kamili, na boksi. Boksi la karatasi lenye lebo yake linaweza kuongeza bei kuliko askari mwenyewe, jambo ambalo mke wangu hajalielewa mpaka leo na sina hoja ya kumshinda. Udanganyifu mkubwa ni kupaka upya. Mimi mwenyewe niliumia mara ya kwanza: nilishinda mnada wa mtandaoni, picha zinang'aa, maelezo yanasema «hali nzuri sana». Walipofika nikamgeuza mmoja chini, nikaona rangi imepita juu ya mchubuko wa zamani kama chokaa juu ya ukuta uliobomoka. Rangi ya awali huchubuka ikaonyesha risasi ya kijivu. Rangi mpya inajaza mashimo. Tangu siku hiyo sinunui bila picha ya chini ya kitako na ya karibu ya uso. Wengi wa Britains wana maandishi ya kampuni yaliyochongwa chini. Asiyekuwa nayo si lazima awe wa bandia, ila muulize muuzaji. Na mpime mkononi: mtupu ni mwepesi. Ukimshika «Britains» mzito kama kokoto, huyo kamiminwa juzi na mtu mwingine.

Kwetu sisi wa pwani kuna tatizo la ziada. Risasi inaugua. Ukiwaweka kwenye kabati la mbao mbichi au boksi la kadibodi chakavu, mvuke wa asidi unaotoka humo unaila risasi, na unga mweupe au wa kijivu unaanza kuota, kwanza miguuni. Unyevu unaharakisha. Hapa Tanga mwezi wa nne hata chumvi inageuka maji, kwa hiyo wangu wako kwenye kabati la kioo na chuma, na ndani nimetupia zile pakiti ndogo za chembechembe za kunyonya unyevu zinazokuja na viatu vipya. Jirani mwenye duka la viatu ananiwekea. Ukishawashika, nawa mikono, usiwape watoto, na usipige msasa kamwe: vumbi la risasi ni sumu.

Uzalishaji wa hawa ulikoma 1966, masuala ya sumu yakiwa mojawapo ya sababu. Waliopo ndio hao.

Wawili wa kupita nao haraka

Wajerumani walikuwa na aina nyingine, Elastolin na Lineol: vumbi la mbao, gundi na udongo vikikandwa juu ya waya, urefu kama sentimita saba. Nyuso zao ni bora kuliko za Britains, sibishi. Lakini waya ndani unashika kutu, unavimba, na askari anapasuka kama mhogo uliochomwa. Ukiishi Arusha au Nairobi jaribu. Ukiishi Tanga, Mombasa, Unguja au Muscat, waachie wenye hali ya hewa yao.

Wa pili ni wale bapa wa bati, wembamba kama sarafu, wa milimita 30, kazi ya Nuremberg tangu karne ya 19. Hawa ni michoro zaidi kuliko sanamu. Wapenzi wao hukutana Kulmbach, kule Bavaria, ambako ngome ya Plassenburg ina makumbusho makubwa ya visanamu vya bati. Kwa kutuma kwa posta hakuna kilicho rahisi zaidi, kikosi kizima kinaingia kwenye bahasha. Ila kumpaka bapa akaonekana ana unene ni kazi ya msanii, na mimi nilishindwa.

Vya kisasa vilivyopakwa tayari

Hapa utakutana na King & Country wa Hong Kong, na jina la W. Britain ambalo sasa liko mikononi mwa Wamarekani. Kazi ni nzuri kiasi cha kutisha. Unaona mishipa ya mkono, kifungo kilichokatika, jasho la kwapani. Mmoja mmoja, dola 40 na kuendelea. Wanane wa kujaza rafu moja, piga hesabu mwenyewe, kisha ongeza usafiri, maana ni metali, halafu ushuru wa forodha na VAT, 18% Bara, 16% Kenya.

Kasoro yao kwangu haiko kwenye bei. Iko kwenye uchaguzi. Wanatengeneza kinachouzwa, na kinachouzwa katika vita vya kikoloni vya Afrika ni Wazulu dhidi ya Waingereza, 1879, tena hasa Rorke's Drift, kituo ambako kama watu 150 wa upande wa Mwingereza walijihami usiku kucha na Misalaba ya Victoria 11, nishani yao ya juu ya ushujaa, ikagawiwa. Filamu ya 1964, «Zulu», iliyagandisha macho ya dunia hapo. Mchana wa siku hiyo hiyo, Januari 22, pale Isandlwana, Wazulu walikuwa wamelishinda jeshi la Mwingereza na kuua watu wake zaidi ya 1,300, na mamia kati ya waliokufa upande wa Mwingereza walikuwa Waafrika wa kikosi cha Natal. Hao wa Natal ukiwatafuta wamepakwa tayari utatafuta sana. Sembuse askari wa Bagamoyo.

Kama moyo wako uko kwa Wazulu, na fedha ipo, na hutaki kushika brashi, basi usisome zaidi: nunua hawa. Mpangilio mmoja wa mashujaa kumi wa Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, wakipanda kilima, kila mmoja na uso wake, unaweza kusahihisha uongo wote wa lile boksi la Wazulu wanaokimbia.

Vya kupaka mwenyewe

Hapa ndipo nilipoishia, na nakiri mizani yangu imeelemea huku.

Ngazi ya chini ni plastiki ya 1:72. Boksi moja lina watu 40 hadi 50 kwa bei ya chakula cha watu wawili hotelini. Esci wa Italia walitoa Wazulu na Waingereza wa 1879 ambao Italeri wameendelea kuwatoa tena. Plastiki yao ni laini, rangi inabanduka mkuki ukipinda, na vidole vya mtu wa makamo vinahangaika. Kwa kijana wa miaka kumi na mbili anayetaka jeshi kubwa sakafuni, hakuna kingine cha kumshauri.

Ngazi ya juu ni milimita 28. Perry Miniatures wana Sudan ya Mahdi na Waafghani wa mpaka wa India, baadhi plastiki ngumu, baadhi metali. Warlord Games wana Wazulu wa plastiki. Na Foundry wana mkusanyiko waliouita «Darkest Africa», jina ambalo linanikera kila ninapolifungua, lakini ndani yake ndiko waliko watu wetu: askari wa tarbushi, Wazanzibari wa kanzu, rugaruga, wale wapiganaji wa kukodi. Mchongaji wake, Mark Copplestone, alichonga wengine chini ya jina la kampuni yake mwenyewe. Nilipomwona rugaruga wa kwanza, kitambaa kichwani, gobori mkononi, nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimezoea kumkuta kwenye kitabu cha historia cha kidato cha tatu, mstari mmoja, chini ya kichwa cha habari cha Mirambo.

Faida kubwa ya kupaka mwenyewe ni kwamba ukweli unabaki mikononi mwako. Chukua ngozi. Maelekezo mengi ya wachoraji wa Ulaya yanasema: paka nyeusi, juu yake kijivu kwa mwanga. Ukifuata hivyo unapata mtu wa makaa. Mimi naanza na kahawia iliyokolea, kisha kahawia yenye wekundu kidogo kwenye pua, shavu na vifundo vya vidole, na tone la njano ya udongo mwishoni. Tena sipaki kikosi kizima rangi moja. Kikosi cha kwanza cha Wissmann, ofisa wa Mjerumani, 1889, kilichotumwa kumzima Abushiri, kilikuwa cha Wasudani waliochukuliwa Misri na Washangaan kutoka Msumbiji. Baadaye jeshi likajaa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema. Simama stendi ya mabasi ya Tabora nusu saa uone kama watu wana rangi moja.

Nguo vivyo hivyo. Khaki ya kwenye kopo ni ya siku ya kwanza. Baada ya miezi mitatu ya jua na kufuliwa mtoni hakuna wawili wanaofanana, kwa hiyo kila askari anapata tone la maziwa au la udongo zaidi ya mwenzake. Bunduki: 1914 kampuni nyingi za Mjerumani zilikuwa bado na ile ya zamani ya mfano wa 1871, ya baruti inayotoa wingu la moshi. Askari wa kwangu wa Tanga ana hiyo, na nimeweka pamba ya moshi mdomoni mwa mtutu.

Kwa ardhi sinunui kitu. Mchanga ni wa Raskazone, hapa hapa Tanga, nauosha mara tatu kutoa chumvi. Nyasi kavu ni nyuzi za katani zilizokatwa fupi na kubandikwa kwa gundi. Jamaa mmoja wa Ujerumani niliyemtumia picha akaniuliza nyasi hizo nimeagiza kampuni gani.

Vita gani basi?

Sudan ni rahisi kukusanya, na jeshi la Mahdi, kiongozi wa dini aliyewaasi watawala wa Misri, linavutia machoni kwa zile kanzu za viraka. Mapigano ya Omdurman, Septemba 2, 1898, Mwingereza alipolivunja jeshi hilo, ni mauaji zaidi kuliko vita. Bunduki za mashine zilimaliza maelfu kabla hawajakaribia, na ukiipanga mezani kwa uaminifu upande mmoja haufiki kamwe. Wengi huikwepa kwa kuchagua ule wakati mfupi wa farasi wa 21st Lancers. Chagua Sudan ukipenda rangi, ila ujue hilo.

Afrika Mashariki inakutaka ujitafutie. Kwa Lugalo, Agosti 17, 1891, Mkwawa alipomwangamiza Zelewski, kamanda wa Mjerumani, na sehemu kubwa ya msafara wake, mimi sijawahi kukutana na seti iliyopakwa tayari. Wahehe wangu nimewaunganisha: miili ya wapiga mikuki ya metali, ngao nimezikata kwenye kopo la maziwa ya unga. Kwa mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 mambo ni mepesi zaidi, maana jeshi la Mwingereza lililoshuka hapa, watu kama 8,000 dhidi ya elfu moja hivi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, lilikuwa la Wahindi kwa wingi, na Wahindi wa vilemba wapo kwenye kila ukubwa na kila bei, hata wa Britains wa kale. Nyuki waliowang'ata siku ile sijajua namna ya kuwatengeneza. Punje za pilipili manga ni kubwa mno.

Halafu wapagazi. Hapa ndipo ninapoipima kampuni yoyote. Britains alimuuzia mtoto KAR wanane wakitembea na bunduki zao kana kwamba chakula kinajipeleka chenyewe. Vita vile vya 1914 hadi 1918 vilibebwa kichwani na mamia ya maelfu ya watu. Makumi ya maelfu wakafa kwa kuhara, malaria na njaa. Na Dar es Salaam jina lao la Carrier Corps limebaki kwenye soko ambalo kila mtu analijua, Kariakoo. Sanamu ya shaba ya Askari ya mwaka 1927, kule Samora, ni ya mtu mwenye bunduki. Ya Nairobi, Kenyatta Avenue, angalau imemweka mpagazi pembeni. Katika visanamu, wa risasi ya kale karibu hawana msaada hapo, wa kupakwa tayari hivyo hivyo. Wa milimita 28 wapo: mzigo kichwani, mkono mmoja juu, tumbo limeingia ndani.

Kwa hiyo kwa anayeanza leo na kiasi kidogo, ningemwambia anunue pakiti mbili za askari wa milimita 28 na pakiti tatu za wapagazi, rangi sita za akriliki na brashi mbili nzuri, si kumi mbaya. Akitaka kitu cha kale, amtafute KAR mmoja tu, aliyechubuka, asiye na boksi, hata mwenye njiti shingoni. Huyo huuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu wakusanyaji wakubwa hawamtaki. Amweke rafu ya juu, peke yake.

Sinia la kwangu wiki hii lina wapagazi ishirini na mmoja. Wanapakwa haraka kuliko askari: hawana vifungo, hawana mikanda, hawana viatu. Kinachochukua muda ni mizigo, maana kila mmoja kabeba kitu chake, na leo nimekwama kwenye sanduku la risasi za bunduki. Sijui kama nilipake kijani au niliache mbao.